Majivu ya Tangi la Pili

Baba yangu hakulikubali jiwe mpaka aligonge. Alikuwa mwashi, na akina mama wa kanisa letu pale Kamina walipobeba mawe ya mtoni kwa vikapu ili dispensari ipate matangi mawili ya maji, alisimama kando ya rundo na nyundo yake akigonga moja moja. Lile jeusi, laini, linalong'aa, lililotoa mlio na cheche, lilipita. Lililovunjika kimya alilitupa, na mama aliyelibeba akanuna. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, mtu mzima mwenye ugonjwa wa kuuliza kwa nini, na hata siku ile nilimuuliza kwa nini cheche. Alisema jiwe lenye moto ndani halizeeki.

Matangi yalijengwa mfululizo, kwa zege ya mawe yale yale na mchanga ule ule. Baada ya misimu kadhaa ya mvua, la kwanza likaanza kupasuka. Haukuwa ufa mmoja wa ukuta uliozama upande. Zilikuwa nyufa nyembamba zilizoshikana kila mahali, kama tope la bwawa lililokauka. La pili lilikaa zima.

Kanisani jibu lilipatikana upesi: fundi alikula simenti. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mzee wa kanisa aliyetunza stoo ya vifaa, karani mstaafu, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni.

— Tangi ya kwanza iko muchanga tu, alisema mbele ya kamati, akimgeukia baba. Citoyen, simenti yetu ulipelekaka wapi?

Kiangazi kile baba alikuwa aanze msingi wa kanisa jipya, kazi aliyoitamani tangu mimi niko mdogo. Kamati ikamwambia asipojieleza, msingi utapewa fundi mwingine. Baba alikunja kofia yake mara mbili na hakujieleza. Nilikasirika, sitaficha, tena nilimkasirikia yeye kuliko yule mzee. Mtu anayebishana na mawe kutwa nzima anashindwaje kumjibu binadamu?

Basi nikaenda kuliuliza tangi lenyewe. Kila nikitoka shuleni nilipita pale. Nyufa zilijaa upande wa bomba, ambako ukuta haukauki kamwe. Upande wa jua zilikuwa chache. Ndani ya nyufa mlitoka ute mwangavu, wa kunata, uliokauka ukawa mweupe. Nilichokoa kipande kwa kisu cha jikoni, nikaona jiwe jeusi limezungukwa na ukingo mweupe. Ute ule ulikuwa unatoka kwenye mawe! Nilifurahi peke yangu pale, mikono imechafuka, wapita njia wakinishangaa.

Siku hizo mhandisi mmoja kutoka Lubumbashi, aliyekuja kukagua madaraja, alikuwa amefikia katika nyumba ya wageni ya kanisa. Nilimpelekea kipande changu ndani ya karatasi ya daftari kabla hajamaliza chai. Alikigeuza, akakinusa, akaacha chai ipoe. Alinieleza kwamba simenti ina ukali wake, kama wa magadi, na mawe yanayong'aa vile hayapatani nao. Ukali unayala polepole, ute unazaliwa, ute unakunywa maji na kuvimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Simenti ikizidi, ukali nao unazidi. Kumbe tangi la kwanza halikupunjwa simenti hata kidogo.

— Na ya pili mawe iko ile ile? aliuliza. Basi kuna kitu alitiaka mule.

Kamati ikaitwa tena, safari hii kando ya matangi. Mhandisi alimuuliza baba kwa heshima alichanganya nini. Baba akavua kofia yake.

— Majivu, alisema. Ya boila kule ku reli, ya makaa ya mawe ya Luena. Ile laini inashikamana mu bomba ya moshi. Ndoo moja kwa ndoo tatu ya simenti.

Watu wakaguna. Mhandisi akacheka kwa furaha, akaupiga ukuta kofi. Vumbi lile la makaa ya mawe, alisema, huushika ule ukali kabla haujayafikia mawe.

— Njo majivu ilikomboa hii tangi, tata! alimwambia baba.

— Minyi sikujua ile. Simenti ilikosekanaka tu.

— Juu ya nini ilikosekanaka? aliuliza mama mmoja wa kamati.

— Ilikosekanaka, baba alirudia. Mzee wa stoo alikuwa akitazama viatu vyake.

Njiani nilimbana baba mpaka akasema. Mifuko ya tangi la pili ilikuwa imelazwa stoo juu ya udongo, bila mbao chini. Mvua iliingia, na mingi ikageuka mawe. Aliifukia yeye mwenyewe nyuma ya stoo.

— Ningesema, ule muzee bangemufukuza ku kazi. Iko muntu muzima, ataenda wapi?

— Na weye?

— Minyi niko na mikono.

Msingi alirudishiwa. Siku ya kwanza ya kuchimba, mzee wa stoo alikuja kwa miguu, kikapu kichwani, mabega ya shati jeupe yamegeuka kijivu. Alikuwa amekusanya majivu jikoni kwake na kwa majirani wote.

— Fundi, hii iko ya musingi. Ile mifuko... minyi njo niliachaka chini.

Baba alikipokea kikapu kwa mikono miwili.

— Aksanti, tata.

Mhandisi alikuwa ametuonya, mimi na baba, kwamba majivu ya kuni si yale: hayo ndiyo yenye ukali wenyewe, ule tunaouchuja kulainishia mboga ngumu. Kikapu kile kingeuharibu msingi. Nilisubiri mzee apotee barabarani.

— Baba, ile haiwezi kuingia mu musingi!

— Minajua.

Alikibeba mpaka kwenye kabichi za mama, akamwaga kidogo kidogo kwenye kila mstari, akakikung'uta, akanipa.

— Umurudishie kitunga yake, alisema. Umuambie majivu ilitosha.