Moto Uliwashwa Lini

Nilikuwa kidato cha tatu, na daftari langu lilikuwa na safu tatu nilizopiga kwa rula. Ya kwanza namba ya nyumba, ya pili idadi ya watu, ya tatu swali lenyewe: jana kuna mtu katika nyumba hii aliyelala njaa? Shule yetu ya kutwa pale Malindi ilikuwa imepewa lengo la pili kati ya yale malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu, kutokomeza njaa, na baada ya majuma sita tungewasilisha utafiti wetu Kilifi mbele ya shule nyingine. Tulichaguliwa wasichana wawili. Mimi, mtoto wa watu wa bara, nilikuwa wa kuandika. Mwenzangu wa dawati, ambaye ukoo wake ulitoka visiwa vya kaskazini, alikuwa wa kusema. Akifungua kinywa, hata mwalimu wa Kiswahili alinyamaza kumsikiliza.

Jumamosi ya kwanza tulizunguka mtaa wa Kisumu Ndogo, nyumba ishirini. Sikuweza kutulia. Kabla mama wa watu hajamaliza kuitikia shikamoo, nilishatoa kalamu. Jibu lilikuwa moja kila mlango.

"Alhamdulillahi, mwanangu, tumekula."

"Tunamshukuru Mungu. Karibuni ndani."

Mama mmoja aliyehama Vitengeni baada ya mahindi yake kukauka alinicheka. "Mimi na mwili huu, nilale njaa?"

Nikaandika hapana. Nyuma yake niliona mafiga matatu na jivu lililoshikana kwa mvua. Mvua yenyewe ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma. Niliona, lakini sikuandika, kwa sababu sikuwa na safu ya majivu.

Jumatatu mwalimu wa jiografia alipitisha kidole kwenye safu ya tatu. Hapana ishirini. "Hongereni," akasema. "Njaa imekwisha Malindi. Tuwaandikie wakubwa wa dunia wafunge ofisi?" Darasa zima likaangua kicheko.

Saa ya chakula cha mchana nilikula maharagwe yangu ya kununua kantini nikiwa nimesimama, kwa hasira. Mwenzangu alikaa barazani bila sahani. Alikuwa amefunga, kama alivyofunga Jumatatu na Alhamisi nyingi. Alikuwa amekwisha kunieleza kwamba hizo ni siku za sunna.

"Shoga, umeuliza vibaya," akaniambia. "Mtu hasimamishwi mlangoni kwake akaulizwa kama ameshiba. Atajisitiri, na wewe mgeni atakusitiri."

"Sasa niulize nini?"

"Uliza moto uliwashwa lini. Moto hauna haya."

"Umejuaje?"

"Nimejua tu. Maliza maharagwe yako, yanapoa."

Tukarudi nyumba zilezile, jioni baada ya masomo. Safari hii aliuliza yeye, tena baada ya kukaa, baada ya kuulizia watoto na mbuzi. Yule mama wa Vitengeni hakucheka. Alitazama mafiga yake, akafikiri. "Juzi jioni," akasema. "Uji wa watoto." Nikaandika. Nyumba iliyofuata nikaandika tena. Mkono wangu ulikimbia.

Lakini ukishampa mtu kama mimi swali zuri, hujui atalipeleka wapi. Jumanne iliyofuata mwenzangu hakula. Nikamwuliza, akasema analipa kadha, zile siku chache za Ramadhani zilizompita. Jumatano vilevile. Ijumaa vilevile. Nikaanza kutia nukta ukurasa wa mwisho wa daftari, moja kwa kila siku isiyo ya sunna. Zilipofika tisa nilijua hesabu imekataa, hata kama ningemhesabia na siku za ugonjwa na za safari. Baba yake alikuwa hajarudi na kitu kutoka baharini tangu mwezi uliopita, na mama yake alishona kofia ambazo msimu ule hazikupata wanunuzi. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikuwa sijayaweka pamoja tu.

Na nilipoyaweka pamoja, nilifurahi. Naliandika hili jinsi lilivyokuwa. Nilifurahi kama aliyeokota kitu njiani. Nikachukua kadi ya tisa kati ya zile ambazo mwenzangu angezisoma Kilifi, nikaandika: Hata darasani mwetu yupo anayesema amefunga, kumbe hana cha kula.

Mwalimu aliposoma alipiga meza. "Hii ndiyo roho ya kazi!"

Siku ya mazoezi mwenzangu alisoma kadi zote kwa sauti, mpaka ya tisa. Akaisoma kimya kwanza. Kisha akaniinamia.

"Huyu nani?"

Nikawa nazungusha kifuniko cha kalamu.

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Basi hii si habari. Ni umbea uliopigwa rula."

"Kuna nini huko?" mwalimu akauliza.

"Hakuna, Mwalimu." Akaisoma ile sentensi kwa sauti ileile aliyosomea nyingine, akamaliza, akaketi.

Siku mbili hakunisemesha, na tulikaa bega kwa bega. Nilimwendea mwalimu nikamwomba tuiondoe kadi. "Bila hiyo mtakuwa kama shule nyingine zote," akasema. "Haina jina. Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Kadi inabaki."

Ukumbi wa Kilifi ulikuwa upande wa Kibarani, na feni zake zilikuwa hazifanyi kazi. Tukingojea zamu yetu nilikwenda bombani nikarudi, nikaenda tena. Mara ya tatu nilichomoa kadi ya tisa nikaitia ndani ya soksi.

Mwenzangu alisoma. Alipomaliza ya nane akakuta ya kumi. Akanitupia jicho, mara moja tu, akaendelea. Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

Jaji mmoja, mama wa miwani, akasogeza maikrofoni. "Kazi nzuri. Lakini nyumba hizi mmezitazama kwa nje. Katika kundi lenu ninyi, yupo aliyelala njaa?"

Mwalimu akainua kichwa kama aliyerudishiwa kitu chake. Nilinyoosha mkono nichukue maikrofoni niseme hakuna. Mwenzangu akanishika kifundo cha mkono.

"Samahani, mama," akasema. "Swali hilo ndilo lililotukosesha mara ya kwanza. Utuulize moto uliwashwa lini."

Ukumbi ukacheka, jaji naye akacheka. "Haya. Kwenu moto uliwashwa lini?"

Alinipa maikrofoni mimi kwanza.

"Leo asubuhi," nikasema. Chai na mkate, na yai. Yai sikulitaja.

Akaichukua. "Kwetu, juzi."

Alisema kama anayetaja namba ya nyumba. Hakuna aliyecheka, na jaji aliandika kitu kwa muda mrefu kuliko maneno yale mawili.

Tulikuwa wa tatu. Baadaye tuligawiwa pilau. Ilikuwa Alhamisi, na mwenzangu akapokea sahani. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Najua leo Alhamisi," akasema. "Usihesabu." Akala.

Miaka imepita na jambo hili halijaniachia. Kadi niliificha, lakini alikuwa ameshaisoma. Sikuwahi kujua kama alisema kwa kupenda kwake, au kwa sababu mimi nilimtangulia kulisema na hakutaka libaki kwangu. Juma lililopita, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa haya, nilimpigia simu. Nikamwamkia, nikaulizia watoto. Halafu nikashindwa kungoja.

"Ungesema, kama si ile kadi?"

Nilisikia kijiko kikigonga sufuria upande wake.

"Bado unauliza vibaya," akasema.

Nikamwuliza kama naweza kuandika.

"Andika. Jina usitie. Na useme lile pilau lilikuwa limepoa."

Lilikuwa limepoa.