Mfumo Unasema Ipo Morogoro

Rukia Hassani, mzaliwa wa Kondoa na mkutubi wa chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, alikuwa amevumilia mengi maishani. Alivumilia vumbi la kiangazi linalopenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Alivumilia wanafunzi wanaochana kurasa za vitabu na wahadhiri wanaoazima mpaka wanasahau kama waliazima. Lakini mfumo mpya wa kutafutia vitabu nusura umtoe roho.

Vyuo kadhaa vilikubaliana kuunganisha katalogi zao. Mwanafunzi akiandika jina la kitabu kwenye kompyuta, anaambiwa kiko chuo gani na rafu ipi, awe Dodoma, Morogoro au Mwanza. Jambo jema, na Rukia hakulikataa. Kilichomkera ni haraka. Katika miezi ya kuhamisha kumbukumbu za vitabu alikuwa akiona vituko kila siku: kitabu cha ufugaji wa mbuzi kimeingia kwenye sheria, mwandishi mmoja amegeuka watu watatu. Akiwaandikia mafundi wa mfumo huko Dar es Salaam, anajibiwa neno lilelile: "Ombi lako limepokelewa." Likishapokelewa, ndiyo basi.

Akamwendea Dokta Ebenezer, mkuu wa maktaba. "Dokta, tusizindue kwanza. Kumbukumbu hazijakaa sawa."

"Mama Rukia," Dokta alijibu huku macho yakiwa kwenye simu, "wewe kila kipya unakipinga. Hata taa za kuwaka zenyewe ulizipinga."

Taa zile zilikuwa zikizimika watu wakiwa wanasoma. Hata hivyo, neno lile lilimchoma Rukia. Siku ya uzinduzi keki ilikatwa, picha zikapigwa, naye akapiga makofi kama wengine. Moyoni aliapa: hataonekana tena mpinzani. Mtu akiuliza kitabu, atamsomea kilichoandikwa kwenye kompyuta, basi.

Ndipo akaja Lydia.

Lydia alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwenyeji wa Gulwe, kule ambako mvua zikizidi mto huja na kubomoa reli. Utafiti wake ulihusu mafuriko hayo hayo, na msimamizi wake alimwamuru asome tasnifu moja ya zamani kabla ya kuwasilisha kazi. Siku zilikuwa zimemwishia. Tena alikuwa ananyonyesha. Mtoto wake hajaanza hata kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

Rukia akaandika jina la tasnifu. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, kisha ikajibu: Morogoro, Maktaba Kuu, ipo rafuni.

Kitu kikamgusa. Ile tasnifu si kama aliwahi kuiona hapa hapa? Akataka kuinuka akatazame, lakini Dokta Ebenezer alikuwa anapita na wageni, na lile neno la kupinga likamrudia masikioni. Akakaa.

"Mfumo unasema ipo Morogoro," alisema. "Tasnifu haziazimwi. Itabidi uifuate."

Lydia akamwacha mtoto kwa dada yake, akapanda basi alfajiri. Njiani, pale Kibaigwa, malori ya mahindi yalikuwa yameziba barabara, wakakaa juani hadi watu wakaanza kugombana. Alipofika Morogoro, mkutubi wa kule, mama mmoja aitwaye Anjelina, alizunguka rafu zote mpaka jasho likamtoka, kisha akasema, "Hapa haipo, binti. Wala sijawahi kuiona."

Kesho yake Lydia alisimama mbele ya kaunta ya Rukia. Macho yamevimba, blauzi ina madoa ya maziwa yaliyokauka.

"Mama, haipo. Mtoto amelia kutwa nzima, chupa ameikataa. Na haipo."

Rukia aliinuka, akapanda ngazi mpaka chumba cha tasnifu, akapita rafu mbili, akainama. Ilikuwa pale, jalada la kijani, imekaa kimya kati ya wenzake. Akaikamata kwa hasira kana kwamba yenyewe ndiyo iliyomdanganya.

Alimpa Lydia, akamwomba radhi, na radhi ile ilimtoka kwa shida maana alijua dakika tano za kuinuka kwenye kiti zingetosha. Lydia hakusema "si neno." Aliichukua, akaketi, akaanza kusoma huku machozi yakimtoka.

Rukia akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu, mlango hakugonga.

"Dokta, nimemtuma mama anayenyonyesha Morogoro kufuata kitu kilichoko juu ya kichwa chako!"

"Tuma ombi kwa mafundi—"

"Maombi yangu yote yamepokelewa! Nataka lijibiwe hata moja!"

Akatoka. Akatafuta namba ya Morogoro, akampigia Anjelina, tayari kwa ugomvi. Anjelina naye alikuwa tayari zaidi.

"Nyie ndio mnaonitumia watu?" alifoka. "Na mimi nimemtuma kwenu mzee wa watu, mhadhiri mstaafu, amerudi ananilaani!"

Wakazozana mpaka pumzi zikawaishia. Kisha Anjelina akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwani jengo lenu mnaliitaje?"

"Maktaba Kuu."

"Sisi pia."

Ndipo wakaelewa. Mfumo ulikuta Maktaba Kuu mbili, ukazichanganya zikawa moja, vitabu vya huku vikaandikwa kule na vya kule huku. Kila chuo nchini kina Maktaba Kuu yake, na hakuna aliyeuliza ni ipi.

"Ya Rabi," alisema Rukia. "Kumbe ni jina tu!"

Waliandika barua moja, wakaitia saini wote wawili, na safari hii Dokta Ebenezer, baada ya kusikia habari za yule mstaafu, aliisaini pia bila kusoma mara mbili. Mafundi walichukua muda wao. Masika yalifika kosa likiwa bado linarekebishwa vipande vipande. Muda wote huo Rukia hakumtuma mtu popote kabla hajapanda ngazi na kumpigia Anjelina, Dokta apite au asipite.

Kuhusu Lydia, Rukia alifuatana naye kwa msimamizi, akaeleza kosa lilikuwa la nani. Msimamizi alinung'unika, akamwongezea wiki chache. Lydia alihitimu. Siku ya mahafali alipita maktaba na mtoto mgongoni, akamsalimia Rukia kwa heshima zote, ila hakukaa. Rukia hakumlaumu. Alirudi kwenye kompyuta, ambako kitabu cha ufugaji wa mbuzi kilikuwa bado kwenye sheria, akashusha pumzi, akaanza kuandika ombi jingine.