Fundi Sikio na Betri Isiyochemka

Mtaa mzima ulimwita Sikio, maana hakuwa na haja ya mita. Betri ikiwa kwenye chaja yake kubwa ya chuma, aliinama, akaitegea sikio, na maji ya ndani yalipoanza kuchemka akachomoa waya. Imejaa. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kukosea.

Kisha mdogo wake wa kike, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi, akafungua duka ng'ambo ya barabara. Akaleta chaja ndogo yenye vitufe, inayozijua betri za AGM, zile zilizozibwa zisizoongezwa maji. Wateja wakahamia huko mmoja mmoja. Sikio aliwaona wote, akijifanya anafagia, na wivu ukimla.

Kwa hiyo siku mkunga alipomletea yeye betri ya taa za zahanati, alifurahi kupita kiasi. Huyu ndiye mteja wa maana pekee aliyembakia. Betri yenyewe ilikuwa AGM.

"Kaka, hiyo usiiweke kwenye chaja yako," mdogo wake akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Volti zake zinapanda tu, hazina breki. Njoo uchukue yangu."

"Kwani wewe kazi hii ulifundishwa na nani?"

Akachomeka. Akatega sikio. Kimya. Bado haijajaa, akajiambia. Saa mbili zikapita, zikawa nne, kimya kile kile, na kila alipoinua macho alimwona mdogo wake kazungukwa na watu, roho ikamuuma upya. Jioni alipoigusa, betri ilimuunguza kiganja. Ubavu umevimba. Betri za aina hiyo hazichemki ukasikia. Alikuwa ameshinda kutwa akingoja sauti isiyokuwepo.

Mkunga huyo mlangoni. "Fundi, tayari? Leo nina wajawazito wawili, taa siwezi kukosa."

Mdogo wake akavuka barabara, amekumbatia betri mpya kutoka rafu yake, akasimama mbele ya ile iliyovimba.

"Yako imekufa, mama. Kaka kaniagiza nikuandalie hii."

"Mungu akuweke, fundi," mkunga akamwambia Sikio. "Ndiyo maana mimi siendi kwingine."

Mdogo wake akarudi dukani kwake bila neno. Angemtukana, Sikio angepata cha kumjibu. Sasa hata kwa wema alikuwa amemzidi, na wivu huo ulimuuma kuliko ule wa wateja.