Abiria Aliyekataa Kushuka Pugu

Sikuwa na homa siku ile, sikuwa nimelala, wala sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho yangu na kwa mgongo wangu. Na usidhani ni habari ya usiku. Wengi hudhani viumbe hawa hungoja giza. Huyu wangu alinisimamisha mchana, jua likiwa utosini na njia inang'aa kwa mvua iliyokwisha kunyesha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Tulikaa Kariakoo, chumba kimoja cha kupanga, mimi na wadogo zangu wawili, Zena na Hamisi. Baba alitangulia, mama akamfuata. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaacha shule darasa la nne nikawa mchukuzi sokoni. Siku nyingine tulikula, siku nyingine tulikunywa uji mwepesi tukalala. Lakini tulilala watatu.

Ndipo akaja baba mdogo kutoka Kilwa. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Aliangalia sufuria yetu, akaangalia mbavu za Hamisi, akatikisa kichwa.

"Zena nitampeleka kwa shangazi yenu Utete. Hamisi nitakaa naye mimi. Wewe umeshakuwa, utajitafutia."

"Baba mdogo, hawa wamezoea kuwa pamoja."

"Utawalea kwa kazi gani? Kugombea magunia? Leo upo mzigo, kesho haupo. Lori letu linaondoka alasiri. Ukinionyesha kazi ya kueleweka kabla halijaondoka, watoto wako, kaa nao. La sivyo, wafungie nguo zao."

Nikatoka asubuhi ile moyo unawaka. Sokoni nikamkuta Mzee Awadhi, Mwarabu aliyekuwa akiuza tambuu na popoo, amesimama mlangoni mwa duka lake kashika kiuno. Jioni ile kulikuwa na harusi kubwa, na lori lililokuwa likimletea majani ya tambuu kutoka Kisarawe lilikuwa limezama matopeni tangu jana. Sasa niambie, harusi ya Kariakoo bila tambuu ni harusi hiyo? Watu watakula pilau yako, kisha watakusema mpaka mwezi uandame. Nyuma yake baiskeli nyeusi ya duka iliegemea ukuta, tenga limefungwa mbele kwenye usukani.

"Shikamoo, Mzee. Majani nitayafuata mimi."

"Marahaba. Kisarawe? Kwa baiskeli? Na tope hili?"

"Tope liko barabara kubwa. Mimi nitapita juu, njia ya changarawe. Nilikuwa naipita na marehemu baba tukienda kununua mkaa."

Wachukuzi wenzangu wakaangua kicheko. "Huyu? Na miguu hiyo ya korongo?" Mwingine akadakia, "Mzee, iage baiskeli yako vizuri!"

Mzee Awadhi hakucheka. "Yakifika mabichi kabla ya alasiri," akasema, "kazi ni yako, kila siku, na baiskeli utalala nayo kwako."

Nikapanda. Nikapita Ilala, nikapita Buguruni kwenye minazi, nikaenda mpaka mikorosho ya Ukonga. Huko nikaiacha barabara kubwa, nikashika njia ya juu. Nikwambie kweli, sijaona njia nzuri kama ile. Changarawe nyekundu, iliyooshwa na mvua, imeshikana vizuri chini ya magurudumu. Inazunguka kilima kama mkanda, mara msitu, mara shamba la muhogo, mara udongo mweupe unaotokeza ubavuni mwa kilima kama unga uliomwagika. Matairi yanasaga polepole, ndege wanaitikia. Nikasahau njaa.

Kisarawe wakanifungia majani ndani ya majani ya migomba, wakafunika kwa gunia lililoloweshwa, wakalijaza tenga. Keria ya nyuma ikabaki tupu. Nikageuza.

Bondeni, pale kijito kinapokata njia kabla ya kuanza mlima wa Pugu, alikuwa amesimama mama mmoja. Kaniki mpya, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika. Akasema tu, "Nipakie. Nifikishe mjini."

Ningemkatalia? Mtu mzima, keria tupu, na mimi nimelelewa! Akapanda upande, akanishika kiuno kwa mikono miwili. Mikono baridi kama mtungi. Nikasema labda amenawa kijitoni.

Sasa, sisi wapanda baiskeli tulikuwa na desturi yetu. Abiria akiuona mlima hushuka mwenyewe, haambiwi, hutembea mpaka juu, akapanda tena. Hata bibi harusi angeshuka. Tukafika mlimani, nikapunguza mwendo nimpe nafasi. Hakushuka. Nikakohoa. Hakushuka. Nikaona haya kumwambia, nikakanyaga.

Hapo ndipo akaanza kuwa mzito. Kwanza kama mtu, kisha kama gunia la chumvi, kisha kama watu waliopandana. Keria ikalia. Nikatazama chini: gurudumu la nyuma linazama ndani ya changarawe ngumu, na kivuli kilichokuwa chini yetu kilikuwa cha baiskeli na mtu mmoja. Mmoja! Niamini. Nywele zikanisimama. Nikaanza kusoma aya ya Kurani niliyofundishwa chuoni, naye akaisoma pamoja nami, tena bila kukosea hata herufi.

Alipomaliza akacheka. "Wazito, eh?"

"Nani?" nikauliza.

"Hao unaowabeba. Zena na Hamisi."

Sikuwa nimemtajia mtu.

"Nguo zao zimeshafungwa," akaniambia sikioni, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonea huruma. "Jua linageuka. Kwa mzigo huu hufiki. Nitajie mmoja tu, yule unayeweza kumwacha. Mmoja tu, nami nitashuka hapa hapa, na utawahi."

Usiniulize kama maneno yale hayakuingia. Jasho linanichoma macho, na nilijua moyoni, sijui kwa nini, kwamba mguu wangu ukigusa ardhi basi nimekwisha. Kisha nikamwona Zena anavyompepea Hamisi kwa kipande cha boksi mpaka alale, ndipo yeye alale. Ni yupi kati yao ambaye si wangu?

"Mama," nikasema, "kaa vizuri, ushike sana. Hapa hashuki mtu."

Nikasimama juu ya pedali. Nikaisukuma ile baiskeli kwa miguu yangu ya korongo, kwa tumbo, kwa meno. Mnyororo ukapiga kelele. Aliongeza uzito, nami nikaongeza. Akaniita jina langu kwa sauti ya marehemu mama. Sikugeuka. Nikakanyaga, nikakanyaga, hata njia ikalala tambarare, na mara mikono ile ikaniachia. Uzito ukaondoka kama kilemba unapokivua.

Nikageuka. Keria tupu. Mbele yangu mji wote uko wazi mpaka baharini, meli bandarini ndogo kama punje za mchele. Wallahi nilipiga ukelele peke yangu pale juu! Kisha nikaiachia baiskeli, changarawe zinaruka pembeni, napiga kengele kwa miti, kwa mbuzi, kwa kila kilichokuwa na masikio.

Mzee Awadhi alifungua gunia akalikunja jani moja. Likavunjika kwa mlio, bichi. Alinisukumia usukani wa baiskeli. Wale wachukuzi waliocheka wakashangilia kama wamefunga bao wao.

Nyumbani lori lilikuwa limeshawashwa. Hamisi ameng'ang'ania nguzo ya baraza, Zena amekalia furushi ili lisichukuliwe, baba mdogo amechoka taabani.

"Nimepata kazi," nikasema. "Ya kila siku. Muulize Mzee Awadhi, na baiskeli hii hapa."

Baba mdogo akaigusa kengele, akailiza mara moja. "Afadhali," akasema. "Huyu Zena wako amening'ata." Akapanda lori, akatupungia mkono.

Njia ile niliipita miaka mingi, mpaka nikafungua duka langu. Zena alisoma akawa mwalimu, Hamisi akawa fundi wa meli, na Idi zote tunakula sinia moja. Lakini pale kiunoni aliponishika pamebaki baridi mpaka leo. Ukiweka mkono utashtuka. Waganga wameshindwa, na mimi sijali, maana mwezi wa joto wajukuu wanagombania kuniegemea.

Nawe unayependa njia za vilimani, nenda, ni nzuri. Mtu mzima akikuomba, mpakie. Ila mlimani akikuuliza ni nani kati ya watu wako unayeweza kumwacha, usimjibu, usibishane naye, wala usigeuke. Kanyaga.