Risasi Isiyo na Risasi

Kanisani kwetu Hallunda, huku Uswidi, akina mama waliniuliza swali moja kwa miaka mitatu: "Dada, si wewe ulikimbia bunduki Burundi?" Mwanzoni nilijieleza. Kwamba mwenzangu wa kazini, mtunza wazee kama mimi, alinipeleka msituni siku moja nikapenda ule ukimya. Kwamba nilisoma, nikafanya mtihani wa uwindaji kwa Kiswidi, nikafaulu. Baadaye nilichoka, nikawa najibu, "Nilikimbia bunduki ya mtu mwingine. Hii ni yangu."

Swali la maana lilitoka kwa binti yangu mwaka jana, akiwa na mimba ya miezi minne. Nilikuwa nimempikia mchuzi wa rådjur, yule paa wa huku mwenye matako meupe. Akalisukuma bakuli.

"Mamma, barnmorskan amesema nisile. Kuna bly."

Mkunga amesema, hapo nilielewa. Hilo bly nililikariri kwa ajili ya mtihani bila hata siku moja kujiuliza kwetu linaitwaje. Nikatafuta kwenye simu. Jibu: risasi.

"Sasa ulidhani nilimuua kwa kumsimulia hadithi?" nikamuuliza. "Lazima iwe na risasi."

Hakucheka. Akanieleza kwa Kiswidi cha polepole, kile wanachotumia na wazee viziwi, kwamba hasemi ile inayofyatuliwa, anasema madini yenyewe. Yakigonga mfupa yanapasuka vipande visivyoonekana, vinabaki nyamani, na vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kiswahili changu kina neno moja kwa vitu viwili, na mimi siku zote niliona kimoja tu. Niliona aibu. Kisha nikakasirika, maana nyama hiyo nimeilisha nyumba nzima kwa mikono yangu. Nikaapa kwamba binti yangu hatazaa kabla hajala mawindo yangu, tena bila hofu.

Kwenye duka la wawindaji muuzaji akaniuliza bunduki ya mume wangu ni ya saizi gani. Nikamwambia mume wangu anatumia rimoti tu. Mimi nataka risasi za shaba, milimita sita na nusu, za kupigia rådjur.

"Shaba inapita kama msumari," akasema. "Mnyama atakimbia akafie mbali. Chukua hizi za kawaida, kila mtu anazichukua."

Nilikuwa nimeshasoma. Shaba inataka mwendo wa kasi ndipo ifunguke ndani ya mnyama, kwa hiyo unachagua nyepesi, usichague nzito. Nikanunua maboksi matatu ya viwanda tofauti nikaenda uwanja wa shabaha. Bunduki ni kama mtoto mdogo, ina chakula inachokikataa. Boksi la kwanza lilitawanya matundu karatasi nzima. La pili lilikuwa afadhali. La tatu, kwa mita themanini, lilitoa matundu matatu ambayo kifuniko cha soda kingeyafunika. Nikarekebisha darubini, na yale maboksi mawili nikayaacha.

Kiongozi wa kikosi chetu cha wawindaji, mzee mwenye heshima zake, alitikisa kichwa aliponiona nazo. Babu yake alitumia risasi ya kawaida, na yeye yu hai. Wengine wakacheka. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Septemba, asubuhi na mapema, dume likatoka kwenye miti ya misonobari likasimama ubavu. Nilipumua, nikafyatua. Likaenda hatua kumi, likaanguka. Siku hiyo wenzangu waliua wengine wawili, kwa risasi zao za siku zote.

Sasa, kikosi chetu kina desturi. Nyama yote inakatwa pamoja na kupangwa mafungu. Mmoja anageuka kuelekea ukutani, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule asiyeona anataja jina. Ni desturi nzuri, haina upendeleo, na mimi nimeipenda tangu siku ya kwanza. Lakini fungu langu lingekuwa na paja la mnyama wa nani?

Nikasimama mbele ya dume langu na kisu mkononi. "Huyu hachanganywi."

"Hapa nyama haina mwenyewe," akasema kiongozi.

"Mjukuu wangu anaye."

Akaniambia, bila ukali, kwamba anayejitoa kwenye mafungu anajitoa kote, hata kwenye msako wa älg mwezi Oktoba. Älg ni yule mnyama mkubwa kuliko ng'ombe. Anayeanza kuwinda husubiri miaka kabla ya kupewa nafasi, na mwaka huo nafasi ilikuwa imenifikia. Moyo uliniuma, sikatai. Nikasema sawa, nikainama, nikaendelea kuchuna.

Jumapili baada ya ibada nikampikia binti yangu nyama ile na ugali. Akaitazama.

"Ni yako tu? Säker? Una hakika?"

"Nimepiga mimi, nimechuna mimi, nimekata mimi."

Akaanza kula. Hapo simu yangu ikalia: orodha ya msako wa Oktoba imetoka, jina langu halipo. Nikamsomea. Akaacha kutafuna.

"Lakini mamma, älg umemngoja miaka yote hii."

"Kula," nikamwambia.