Tulikwenda Kusema Neno, Tukaswaga Kulungu

Mwaliko ulipitia kwa binti yangu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Binti huyu amezaliwa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, hata mafumbo ya mama yangu kwenye simu, lakini akifungua kinywa kinachotoka ni Kiingereza. Nilikuwa jikoni kwetu Edmonton nikichambua maharagwe, akaingia akaniambia kwamba wazazi wa mchumba wake wanatualika Jumamosi.

"Sote?" nikamuuliza. "Na baba yako mdogo?"

"Sote. Ni siku yao kubwa ya mwaka, marafiki wote wa familia watakuwepo. Ni nje, Mama. Vaa nguo za joto."

Siku hiyo nilikuwa nimeingojea miezi minane. Kwetu Machakos, upande wa mwanamume ndio hufunga safari. Huja kwa wazazi wa msichana, hukaa, hula, na wakishashiba husema neno lililowaleta. Hawa niliwaalika mara mbili. Mara ya kwanza walishikwa na mafua, mara ya pili walituma maua na kadi. Kijana mwenyewe sikuwa na kinyongo naye: ana adabu, na akija kwangu haondoki kabla ya kuosha vyombo. Lakini wazazi wake sikuwa nimewaona hata sura, na mume wangu, ambaye angejua la kufanya, yuko kaburini mwaka wa sita. Basi niliposikia "siku kubwa" na "familia", nikaamini wazee wale wamejirudi. Nikasema kama wao hawaji, tutakwenda sisi.

Nilimpigia simu shemeji yangu wa Woolwich, mdogo wake marehemu. Upande huu wa dunia yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Wiki nzima alinisomea hotuba kwenye simu, kila mara imeongezeka aya moja.

Jumamosi asubuhi alifika kituoni amevaa suti ya kijivu na tai. Mimi nilikuwa na gauni jipya la kitenge na koti langu la kanisani, na mkononi kikapu: mandazi, chupa ya chai ya tangawizi, na kitenge cha kumfunga mama mwenye nyumba. Tulipanda treni hadi mwisho wa njia, binti na mchumba wake wakatupokea kwa gari lililojaa matope na manyoya ya mbwa. Binti aliangalia viatu vyangu.

"Mama, nilikuambia ni nje."

"Nje ni uani," nikamjibu.

Hatukupelekwa nyumbani. Tulipelekwa kwenye ghala kubwa la mbao kando ya msitu, nje kidogo ya Enfield, mahali ambapo bado unasikia magari yakinguruma kwenye barabara kuu inayouzunguka mji. Ndani walikuwemo watu kama ishirini wamevaa nguo za rangi ya majani makavu, na mbwa wanne. Baba wa kijana, mzee mrefu mwembamba aliyefunga tai ya kijani, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimefurahi mno mmekuja. Mwaka huu tumepungukiwa sana na watu."

Nikadhani ameniambia habari za misiba. Nikampa pole. Alinitazama kidogo, akashukuru, kisha akanipa fimbo.

Kijana ndiye aliyetufafanulia, kwa aibu, maana ndipo alipogundua kwamba mchumba wake hakutuambia lolote. Kila mwaka majani yakishapukutika, baba yake na majirani hukusanyika kupunguza kulungu wa msitu huo. Hakuna tena mnyama wa kuwala, kwa hiyo huzaana, hutafuna kila mche unaoota, na msitu unazeeka bila watoto. Wawindaji sita hupanda kila mmoja kwenye ulingo wake, jukwaa la mbao lililoegemezwa mtini, ili wakipiga risasi iingie ardhini isimfikie mtu. Waliobaki hujipanga mstari kutoka upande wa pili na kuwaswaga kulungu polepole, bila mbio, bila kelele, mpaka wawafikie wenye bunduki. Ndivyo alivyofanya babu yake na ndivyo anavyofanya baba yake.

"Na sisi?" nikauliza.

"Ninyi mko kwenye mstari," akasema. "Na mimi pia. Karibu wote tuko kwenye mstari."

Nilimsogelea mzee kabla hajatoka. "Baba, sisi tumekuja na neno."

"Vizuri sana," akasema, akiinua kidole kilicholowa mate kupima upepo. "Lakini upepo huu hautatungoja."

Basi mimi, muuguzi kazini miaka ishirini na miwili, mama wa bibi harusi, nikavishwa gambuti za mtu mwingine na kizibao cha rangi ya machungwa juu ya koti la kanisani. Shemeji naye alivua viatu vyake vilivyong'arishwa, akaingiza suruali ya suti ndani ya gambuti. Nilimtazama nikitegemea hasira kama yangu. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Unajua babu yetu alikuwa mwindaji," akasema.

"Najua. Hotuba unayo?"

Alijipapasa mfukoni. "Ninayo, shemeji. Usijali."

Pembe ilipulizwa tukaanza. Kulia kwangu alikuwa mama wa kijana, mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu, kushoto alikuwa shemeji, na kati ya mtu na mtu hatua kama ishirini. Kazi ilikuwa kutembea sambamba na mwenzako, kugonga miti kwa fimbo, na mstari ukisimama usimame. Miiba ilishika kitenge changu ikakirarua. Matope yalinivua gambuti mara mbili. Nikasema moyoni, angalau niko karibu na huyu mama, nitaanza naye.

"Mama," nikaita, "nilitaka tuzungumze kuhusu watoto wetu."

Akaweka kidole mdomoni, akatabasamu, akagonga mti.

Kwa nusu saa hivi nilitembea hivyo, nimebeba maneno yangu kama mtu aliyebeba uji wa moto asiye na pa kuuweka. Kisha mstari ukasimama, na mbele yangu, kwenye magugu makavu, nikawaona. Walikuwa saba au wanane, rangi ya udongo, shingo zimesimama, masikio yakigeuka. Mmoja alinitazama usoni. Sikuwa nimewahi kuwa karibu hivyo na mnyama wa porini, hata kwetu, na kwa dakika hiyo nilisahau kilichonileta.

Shemeji naye alisahau. Nilisikia ukelele wa Kikamba kushoto kwangu, ule wa wachungaji, nikageuka nikamwona anakimbia mbele, tai imepeperuka begani, fimbo juu. Mahali alipokuwa amesimama pakabaki wazi. Kulungu hawakwenda kwenye bunduki. Waligeuka mara moja, wote pamoja, wakapita pale alipotoka wakarudi walikotoka. Ardhi ilitikisika, kisha kimya. Hakuna risasi iliyolia. Asubuhi nzima ya watu ishirini iliondoka kupitia pengo la shemeji yangu.

Nilingoja tugombezwe. Ningefurahi tugombezwe, maana ugomvi nao ni mazungumzo. Lakini mzee alikuja tu, akampiga shemeji begani, akasema, "Si neno, hutokea," na wengine wakasema vivyo hivyo mmoja baada ya mwingine, kwa upole ulionichoma kuliko matusi.

Wakati wa chai nilimvuta shemeji pembeni. "Sasa. Hotuba."

"Sasa? Shemeji, nimewapotezea mawindo yao. Niwatake radhi kwanza. Ngoja nyama ianguke, watu wakishafurahi ndio husikia."

"Umekuja kuwinda au umekuja kuozesha mtoto wa kaka yako?"

Mwenye mbwa mmoja alikuwa amemwita amwonyeshe nyayo, na yeye akaenda mbio kama mtoto wa shule.

Mswago wa pili ulifanikiwa. Shemeji alishika nafasi yake kama askari wa gwaride, risasi tatu zililia mbele yetu, na pembe ilipopulizwa tuliwakuta kulungu jike wawili wamelala kwenye majani. Watu wote wakavua kofia. Walisimama kuwazunguka bila kusema neno, kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, mzee ameinamisha kichwa. Nilielewa kwamba ni heshima, na ilikuwa heshima ya kweli. Lakini nilisimama pale na kitenge kilichoraruka nikiwaza: kumbe muda mnao, ila ni wa mnyama.

Chakula kiliandaliwa ghalani, supu nzito na mkate. Shemeji alikuwa kwenye benchi la mbali, katikati ya wanaume, akiwaeleza jinsi babu alivyopaka mishale sumu. Walikuwa wanamsikiliza midomo wazi. Nilimkonyeza, nikakohoa, akaniinulia kikombe. Hapo nikasimama mwenyewe.

Nilisema kwa Kiingereza, lakini kwa njia ya kwetu, kwa sababu neno kama hilo halisemwi uchi. Niliwashukuru kwa kutupokea. Kisha nikasema: "Sisi tuna kondoo wetu jike mdogo, tuliyemlea vizuri. Siku hizi hatumwoni nyumbani. Tumefuata nyayo zake na zimetuleta kwenye boma lenu. Tumekuja kuuliza kama mmemwona, na kama mmemwona, mna nia gani naye."

Mzee aliweka kijiko chini, uso umejaa wasiwasi.

"Kondoo? Amepotea lini? Ana alama sikioni?" Akageukia jirani yake. "Lango la kule chini limefungwa?" Na kabla sijapata pumzi alikuwa ametoa simu kumpigia mwenye shamba la jirani.

Binti yangu alifunika uso kwa viganja. Kijana alipenya kati ya mabenchi, akamnong'oneza baba yake sikioni. Mzee alizima simu. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye upara.

"Oh," akasema. "Oh, naam. Aah, hilo ni lao wenyewe, sivyo? Sisi tunafurahi sana. Sana." Watu wakapiga makofi, mtu mmoja akanijazia supu. Mzee akaangalia dirishani akasema mwanga unapungua na bado kuna mswago mmoja.

Haikufika hata dakika moja. Miezi minane, na wiki nzima ya hotuba.

Sikutoka tena. Nilibaki ghalani nikiosha vikombe na mama wa kijana kwa maji ya baridi. Nilifungua kikapu nikamfunga kitenge chake kiunoni juu ya suruali yake yenye matope, naye akakipapasa akasema ni kizuri mno. Tukala mandazi. Nikaamua kuuliza wazi, bila kondoo.

"Watakaa wapi hawa? Watoto watalelewa kanisani? Mimi nikizeeka, mwanao anajua kwamba kwetu mama haachwi peke yake?"

Alitafuna polepole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kumuuliza."

"Kwa nini?"

"Angefikiri namwingilia." Kisha akaongeza, "Baba mkwe wangu hakunisemesha mpaka mwaka wa tatu wa kuja hapa. Nilikuwa najikwaa kwenye mstari kama wewe."

Alisema kama mtu anayenipa faraja. Sikujua niipokee kwa mkono upi.

Jioni tulirudi na treni. Shemeji alikuwa amepakata paja zima la kulungu ndani ya mfuko mweusi wa taka, na abiria walikuwa wametuachia viti vya pande zote.

"Ulitaka nini zaidi, shemeji?" akaniuliza. "Wametukatia paja, kama ndugu. Wazee wetu wangeelewa hapo hapo."

"Nilitaka neno."

"Mzee amesema wanafurahi."

"Amesema ni lao wenyewe. Hilo si neno, huko ni kunawa mikono."

Akacheka. Nikageukia dirisha mpaka Edmonton. Binti aliponipigia simu kesho yake alianza kwa kusema aliona haya, kisha akasema samahani, kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akaniambia kwa Kiswahili kilichovunjika: "Mama, mimi napenda yeye." Nikamwambia hilo silo nililokwenda kuuliza. Baadaye nililia kidogo, kwa sababu labda ndilo.

Lile paja nililipika siku mbili kwa nyanya na dania nyingi. Lilikuwa kavu, lakini lilikuwa na ladha.

Walioana majira ya kuchipua kwenye ofisi ya halmashauri, na mzee alivaa tai ile ile ya siku ya kuswaga. Tulipiga picha, tukala pilau, tukacheza. Wakwe wa binti yangu hunitumia kadi kila sikukuu. Kuhusu mambo niliyouliza ghalani, mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Shemeji amenunua gambuti zake mwenyewe. Kila majira ya baridi huondoka Woolwich alfajiri kwenda kusimama kwenye mstari, na nasikia sasa wamempa pembe aipulize yeye. Nami hupigiwa simu. Mwaka jana alipiga mzee mwenyewe, akasema kwa sauti ya haya kwamba nafasi yangu kando ya mke wake bado ipo, wamemwambia kila mtu asiichukue. Nikamwambia nasikitika, Jumamosi hiyo niko zamu.

Sikuwa na zamu. Nilikaa sebuleni siku nzima na koti langu la kanisani mapajani, nikikasirika, nikiangalia saa ili nijue wamefika mswago wa ngapi.