Walikaa Matanga ya Tajiri, Muda wa Madai Ukawapita

Saa nne asubuhi, Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Atija Abdurrazaque anageuza bajia mbele ya lango la kiwanda cha barafu lililofungwa kwa amri ya mahakama. Lori linanguruma nyuma yake. Limekuja kuchukua jenereta, na dereva anapiga honi apishwe. Atija hainui uso.

"Azime gari," anasema. "Anamaliza mafuta bure."

Jiko lake liko katikati ya njia, na amelitega hapo makusudi. Mama huyu wa miaka hamsini na minane alivunja na kupakia barafu humo ndani tangu 2009. Vita ilimkimbiza mwaka 2021. Aliporudi, kiwanda kilimwita naye akaitika. Mshahara wake ulifika meticali elfu saba na mia tano, na kila mwezi ulikatwa. Aliambiwa ni mchango wake wa uzeeni, unapelekwa hifadhi ya jamii.

Kwa miaka sita haukupelekwa. Hilo lilijulikana baada ya mwenye kiwanda kufariki na mahakama kutangaza kwamba kampuni imefilisika.

Hapo wafanyakazi wakakosea, na kosa lenyewe ni la watu wenye adabu. Pwani hii hakuna anayekwenda kwa wafiwa kudai kabla ya arobaini. Atija na wenzake walichota maji, wakapika, wakakaa na mjane. Inácio, fundi mitambo kutoka Mueda, huko bara, alitaka waende tribunal, mahakamani, upesi. Wakamzuia, wakamwambia aache utovu wa adabu.

Arobaini iliposomwa, muda wa kuandikisha madai ulikuwa umekwisha. Benki iliyokikopesha kiwanda ilishaandikisha ya kwake. Benki haikai matanga.

"Inácio hunitania hadi leo," anasema Atija. "Ananiambia: nyinyi watu wa pwani, adabu yenu itawafilisi kabla ya benki."

Kutoka kwenye lori anashuka Hélder, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kuuza mali za kiwanda na kuwagawia wanaodai. Ni kijana mpole, na shati lake limepigwa pasi vizuri.

"Mamã, mlikuwa wapi muda wa madai ulipokuwa wazi?"

"Matangani, mwanangu. Tukimlilia patrão, tajiri wetu."

"Sheria haijui matanga, mamã."

"Basi leo itafundishwa. Marehemu akifa na amana ya jirani ndani ya sanduku lake, watoto wake wanairithi?"

Swali hilo mtoto yeyote wa chuo cha Kurani hapa analijibu: amana hurudi kwa mwenyewe, ndipo mirathi igawiwe.

Elisa, mwanasheria anayewasaidia kutoka Pemba bila malipo, ameliandika hivyo hivyo katika ombi lake kwa hakimu, kwa maneno ya sheria. Anasema mishahara ambayo hawakulipwa, wakachelewa kuidai, itakuwa na vita vyake. Lakini makato yalitoka kwenye jasho lao ili yapelekwe kwingine. Hayakuwa mali ya kiwanda hata siku moja, kwa hiyo benki haina fungu humo. Ameomba yatengwe kabla kitu chochote hakijauzwa, na miaka yao ya kazi ihesabiwe kwenye pensheni.

Sisi wa huku hatusahau. Wenye mashamba ya minazi waliondoka wakawaachia wazee wetu shukrani tu. Kila tajiri anapoanguka, wa kwanza kuambiwa avumilie ni yule aliyembebea mzigo. Safari hii ameambiwa mtu mwenye karai la mafuta ya moto.

Hélder anasogea pembeni, anapiga simu, anazungumza Kireno kwa sauti ya chini. Kisha anampungia dereva mkono. Lori linarudi kinyumenyume mpaka barabarani, tupu. Ombi litasikilizwa mwezi ujao, na mpaka hapo jenereta haling'oki.

Namuuliza Atija itakuwaje hakimu akikataa. Ananitazama kana kwamba nimemtukana.

"Tutakata rufaa. Na wasije wakanipa kwa huruma. Wanipe kwa kuwa ni yangu."

Akiipata pensheni yake, mpango wake ni mfupi. Jiko hili atampa binti yake, Zuleica.

"Mimi nataka kukaa barazani, saa za kazi, watu wanapita. Aulize mtu: bi Atija, leo huna kazi? Nimjibu: nilishaifanya."